Nyuki Wangu Wamehamia kwa Wifi

Jumamosi, Rungwa. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria ya uji. Nimenuna, na sababu ninaijua.

Nina wivu.

Mimi na wifi yangu Neema, mke wa kaka, tulipewa mizinga ya mbao siku moja kwenye kikundi cha akina mama. Siku hiyohiyo tukapaka nta kwenye vijiti vya juu, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, tukaitundika mizinga kwenye miti inayotazamana. Nyuki wakaingia kwake kwanza. Kwangu walipokuja hatimaye, nilichinja kuku.

Hapo ningetulia. Lakini siku Neema alipokagua mzinga wake nilichungulia, nikaona masega marefu, yamenyooka, yamejaa kijiti hadi kijiti. Langu lilikuwa moja, kama kiganja cha mtoto. Tangu hapo nikawa napanda ngazi kila jioni kuona kama limekua.

Neema aliniambia, tena kwa upole, "Wifi, waache kwanza. Ukifunua, joto linatoka. Nta bila joto haijengeki."

Nikamjibu, "Asante, wifi." Moyoni nikasema, huyu hataki nimfikie.

Na kazi yenyewe nilikuwa naiona kwa macho yangu. Nyuki wachanga ndio mafundi. Wanashiba asali, wananing'inia wameshikana miguu, kundi zima linapashana joto. Kisha nta inawatoka chini ya tumbo, vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya dagaa. Wanavitafuna mpaka vilainike, ndipo wanapachika, kidogo kidogo, vyumba vyenye pembe sita. Asali nyingi inaliwa ili nta kidogo ipatikane.

Kila nilipoinua kijiti, ule mnyororo wa miguu ulikatika. Wakadondoka, wakajikusanya, wakaanza upya. Kesho yake nikainua tena.

Haraka haraka haina baraka, tunajua. Ila mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa na kijicho.

Leo nimefunua, kimya. Sega lipo, jeupe, halina asali wala nyuki hata mmoja.

Sijashuka vizuri kwenye ngazi, Neema huyo anakuja, jembe begani. "Wifi, nyuki wamepita juu yangu mchana nikiwa shambani. Wameingia kwenye gogo la baba. Nimeona bora usikie kwangu."

Gogo la baba ni mzinga wa kienyeji aliouchonga marehemu baba yangu mwenyewe. Mizinga ya mbao ilipokuja, mimi ndiye niliyesema ule ni kuni. Neema akauomba, akautundika. Mzinga wa gogo haufunuliwi kila mtu akijisikia. Unaachwa mpaka msimu wa kurina asali.

Nimesema, "Hongera, wifi."

Imeniuma, siwezi kudanganya. Wangehamia porini nisingesema kitu. Wamehamia kwa baba yangu, na baba yangu sasa ni wa Neema.

Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia moshi ingawa hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Halafu nimelichukua lile sega waliloliacha, nikalipasha kwenye viganja mpaka likalainika, nikalipaka kwenye vijiti vyote. Harufu ya nta ndiyo inayoita kundi jingine. Nimefunika mzinga, nimeshuka.

Kisha nimeibeba ngazi mpaka kwa Neema.

"Nitunzie hii," nimemwambia. "Hata nikija na sababu nzuri, usinipe."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Amecheka, na mimi nimecheka, kicheko changu kikiwa kifupi. Sasa nimekaa kizingitini naandika kwenye simu. Sijui kama kundi jingine litakuja. Sijui kama likija nitaweza kukaa mbali nalo. Ninachojua ni kwamba nikiinua macho naiona ngazi yangu imeegemea ukuta wa Neema.

Masega yako kwake, nyuki wako kwake, gogo liko kwake. Sasa hata ngazi iko kwake, na hiyo nimempa mwenyewe.