Pumzi Aliyobakiza Fransisko

Morogoro mjini
14 Juni 1953

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa na maharage yameshaingia ndani. Sisi hatujambo kiasi. Mjukuu wako Theresia ameota jino la pili, sasa ananiuma.

Mama, onyo lako juu ya mashine ya kupima pumzi za wachimba ulanga, yale madini ya kung'aa, nililipata, na mimi pia sikuiamini. Ni pipa la bati lililopinduliwa juu ya maji. Mtu anabanwa pua, anapuliza kwenye bomba la mpira, pipa linapanda na kalamu inachora. Nikajiuliza, pumzi za watu zinakusanywa za nini, zinapelekwa wapi? Basi nikamwambia mume wangu kama ulivyoagiza: asitoe yote, abakize. Fransisko akaitikia.

Pipa lilipanda kidogo tu. Daktari akasema kifua kimeharibika, asirudi machimboni. Mimi nikaona ni njama ya kumfukuza, ndiyo maana nilikuandikia kwamba ni mzima, alibana tu. Nikaenda kwa dresa Kasiani, yule msaidizi wa daktari anayetoka Mgeta, nikamtaka ampime tena.

Kasiani akacheka, akaniuliza mashine gani ingetamani pumzi za wanaume wanaonuka ugoro. Akasema hata mtu akipuliza mpaka macho yamtoke, ipo hewa inayobaki kifuani, na hiyo hakuna mashine inayoitoa. Akanipa bomba nijaribu. Nikapuliza, mtoto mgongoni. Mama, pipa langu liliipita alama ya Fransisko, likaiacha mbali. Kasiani akaacha kucheka.

Nilimkuta Fransisko anamenya viazi. Nikamwuliza alibakiza kiasi gani. Akasema hakubakiza hata kidogo. Aliogopa akibana ataonekana mgonjwa akose kazi, kwa hiyo alipuliza yote aliyokuwa nayo.

Basi naungama, mama: niliyokuandikia si kweli. Nilitaka iwe hila ya watu kuliko iwe kifua chake. Tafadhali umwombee kwa mjomba Andrea lile shamba la ukoo karibu na mfereji. Huko hakuna vumbi la machimbo. Nitalima mimi, yeye atapanda kabichi taratibu.

Akijipumzisha mchana namwekea mkono kifuani. Kinapanda kidogo, kinashuka. Ile hewa inayobaki bado ipo.

Nisalimie dada Scholastika na wote wa hapo nyumbani. Theresia anakupungia mkono.

Mwanao,
Yuliana