Eti Maneno Yangu ni Marinda

Kindu, Jumamosi

Eti maneno yangu ni marinda tu! Shemeji Asani alisema vile leo kwenye kikao cha familia, niliponyoosha mukono kukataa wamuoze binti yangu Zaina kabla hajamaliza masomo.

“Marinda inapamba nguo,” akasema, “haifuniki muntu.”

Wote wakacheka. Hata bwana yangu.

Wakati wa vita risasi ilimupiga Asani muguu, hapa hapa mutaa wetu wa Kasuku. Nilipasua marinda ya nguo yangu ya arusi, nikafunga kidonda mpaka damu ikakatika. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nikasimama. “Asani, pandisha suruali waone kovu. Ni marinda ile njo inakutembeza mpaka leo.”

Akapandisha, wote wakaona kovu, wakanikubalia. Arusi imefutwa, Zaina atasoma.

Lakini bwana yangu alicheka. Hasira yangu yote iko pale.