Bila Udongo wa Mtu

Jumatatu, 15 Julai 2024

Nimerudi bwenini Bariadi, lakini kichwa kimebaki nyumbani Ipililo.

Misonobari ya Baba imegoma. Mwaka na nusu, bado iko chini ya goti, tena ya njano. Aliipanda kwa sababu yangu! Mimi ndiye niliyemsumbua likizo ile: Baba panda mbao, Baba panda mbao. Sasa majirani wanaiita mchicha wa Milembe, kwa jina langu. Baba hajanigombeza. Amesema tu kwamba mvua za kwanza zikinyesha atalima pamba palepale.

Nimemweleza Madam Eufrasia wa bayolojia. Akauliza kama udongo ule umewahi kuotesha msonobari. Haujawahi. Basi hauna kuvu yake, akasema. Kuna kuvu inayoishi kwenye mizizi ya misonobari na kuisaidia kunywa na kula. Isipokuwepo, mti unadumaa. Dawa ni rahisi: gunia la udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa ya hapa shuleni.

Rahisi! Nilitaka kukimbilia stendi na sare yangu.

Jumatano, 17 Julai

Nimempigia Baba kwa simu ya matroni. Amekataa.

"Milembe, nikionekana nashusha gunia la udongo wa watu shambani kwangu, halafu mvua imgomee jirani, nitajibu nini?"

Anamwogopa Limbu, mwenye shamba tunalopakana nalo. Mwaka juzi pamba yake ilipokauka, Limbu alisimama mkutanoni akasema kuna watu wanahamisha udongo ili wahamishe mavuno. Hakutaja jina. Watu wote waligeuka kumtazama Baba.

Nilidhani Madam atacheka. Hakucheka. Akasema: "Basi tumpelekee kuvu bila udongo."

Jumamosi, 20 Julai

Tumefukua mizizi midogo chini ya msonobari wa karibu na tangi la maji. Ncha zake ni nene, nyeupe, zimegawanyika kama manati. Nimeosha, nimeosha, nimeosha. Madam anasema inatosha, mimi naona bado kuna chembe. Sitaki hata chembe moja ya udongo wa mtu! Kisha jiki ya kufulia iliyozimuliwa, kidogo tu, kisha maji yaliyochemshwa.

Chakula chake ni maji ya viazi, sukari na unga wa kugandisha. Tumekipika kwenye presha kuka ya Madam, ile ya maharage. Kila ncha imewekwa kwenye kisahani chake cha kioo, kwa kibano kilichopitishwa motoni. Vyote vimefungiwa kabatini, gizani.

Jenifer wa kitanda cha juu: "Fangasi si ndio ile ya vidole vya miguu? Ungeniomba mimi, ninayo ya kutosha!"

Alhamisi, 25 Julai

Kijani! Ukungu wa kijani, kama wa mkate mkuukuu, karibu visahani vyote.

Ni mimi. Kila jioni niliomba ufunguo nikafunua vifuniko nione kama kumeota kitu. Madam hakupaza sauti. Alisema hewa imejaa mbegu za ukungu, na mimi nimezifungulia mlango. Kuanzia leo naangalia kupitia kioo, mikono mgongoni.

Kimebaki kisahani kimoja. Kilikuwa nyuma kabisa, sikukiona. Kimepona kwa bahati, si kwa akili yangu.

Jumapili, 18 Agosti

Kuna kitu!

Kuzunguka ncha ya mzizi kuna duara jeupe, kama pamba iliyochambuliwa. Nilisimama, mikono mgongoni, mpaka miguu ikafa ganzi. Madam ametazama kwa hadubini. Huenda ndiyo, anasema. Huenda! Sijaweza kumaliza ugali.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumeihamishia kuvu kwenye chupa ya pumba za mpunga zilizolowekwa maji ya viazi na kupikwa. Wengine hutumia udongo, Madam anasema. Sisi hatutumii.

Ijumaa, 11 Oktoba

Chupa imekuwa nyeupe hadi shingoni. Jenifer anasema imeota ndevu, niitafutie wembe.

Upepo umebadilika. Kila nikitoka darasani naangalia upande wa Maswa, kwetu. Leo kulikuwa na mawingu, yakaondoka. Sijawahi kuombea mvua ichelewe. Baba akijua!

Alhamisi, 7 Novemba

Imenyesha Ipililo. Mama amepiga simu: Baba amekodi ng'ombe, wanalima Jumamosi. Ng'ombe wa nani? Wa Limbu! Ndiye pekee mwenye jozi iliyo huru wiki hii.

Madam ameniombea ruhusa. Ameifunga chupa mwenyewe. "Usimwahidi baba yako kitu. Mwambie hujui." Lakini Madam, nikisema sijui, atasubiri nini?

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa shamba, magoti yana matope.

Nilifika jana, chupa ndani ya sweta. Baba aliigeuza kwenye mwanga.

"Humu hamna udongo?"

Hamna, Baba. Pumba tu.

"Wala wa Bariadi?"

Wala wa Bariadi. Akanirudishia.

Asubuhi niliwahi. Nilichimbua kila mche kwa kijiti, nikaweka pumba kidogo mizizini, nikafukia. Zimetosha mstari mmoja tu. Nilikuwa bado nimepiga magoti niliposikia plau.

"Mwangaluka, mayu." Limbu, akinisalimia kwa Kisukuma. "Unapanda kwenye shamba la kulimwa?"

Niliitikia salamu tu. Baba alikuja haraka kutoka zizini, lakini Limbu alikuwa ameshaiona chupa.

"Mashimba, mtoto anazika nini hapa?" akamuuliza Baba.

Nilidhani Baba atasema hajui. Mimi mwenyewe ningesema hivyo.

"Dawa ya mizizi," Baba akasema. "Kaipika shuleni. Hamna udongo wa mtu humo. Ishike uone."

Limbu aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Akanusa. Akanusa tena.

"Inanuka uyoga." Akanigeukia. "Itaponya?"

Baba alinitazama. Nilijua jibu analolitaka.

"Sijui, baba," nikamjibu Limbu. "Tutaona masika."

Limbu alicheka mpaka ng'ombe wakatega masikio. "Mganga anayesema hajui! Tangu nizaliwe sijamwona!"

Baba hakucheka. Limbu naye akaacha ghafla. Badala ya kunirudishia chupa aliingia nayo kwenye mstari wangu, akainama kukagua mche mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho.

Sasa wamesimama kando ya ng'ombe, wanaongea Kisukuma, chinichini. Baba ananyoosha mkono kuonyesha mstari wangu, kisha mingine yote. Limbu anatikisa kichwa. Chupa bado anayo.

Mnyororo wa plau umelia. Kutoka hapa sioni kama wanaufunga walime au wanaufungua waiache misonobari. Natamani kukimbia nikaone — hapana. Nikiiweka kalamu hii chini, ni mikono mgongoni.