Kengele Niliyoibana kwa Kidole Gumba

Ndugu yangu Liberati,

Usishtuke kuona mwandiko umelegea hivi. Naumwa, na daktari ameacha kunikataza chumvi, jambo linalonitia wasiwasi kuliko dalili zote. Kwa hiyo nakuandikia sasa, wakati bado naiona mistari. Nina kosa la kuungama. Padri nimeshamweleza. Alijikaza asicheke, akanipa kitubio, kisha akasema niliyemkosea hasa ni wewe.

Unaikumbuka sheria yetu. Wenzetu wa Mlabani walipostaafu walifuga kuku. Sisi tulikusanya kengele za baiskeli, na kila Jumamosi tukauziana barazani kwako. Kukashifu ruksa, kudanganya marufuku. Nilikuwa huru kusema kengele yako ina sura ya sufuria ya msibani, nawe ulikuwa huru kusema yangu inalia kama mbuzi mwenye mafua. Lakini nzima haiitwi mbovu. Mkeo, Mama Skola, akipepeta mchele pembeni, alizoea kunisikia: "Takataka hii, Liberati! Naichukua kukupunguzia uchafu tu!"

Halafu ukaenda Kiberege, ukarudi na kengele ya tembo. Ile kubwa, yenye picha ya tembo juu ya kofia, uliyoibonyeza mara moja ikalia mara mbili. Wiki nzima niliitamani. Jumamosi nikaishika, nikaibonyeza, ikatoa "tk", kama kijiko kikigonga ubao. Nikakuambia, "Pole ndugu yangu, ina ufa." Ukaniuzia kwa elfu tatu tu, bei ya mbovu.

Liberati, haikuwa na ufa. Kidole gumba changu kilikuwa kimeibana kofia kwa nyuma isilie.

Tangu tukuzike, Jumamosi zimekuwa ndefu mno. Wiki iliyopita nikaichukua kengele ya tembo, nikachukua na fedha, nikaenda kwa Mama Skola. Nilitaka nimweleze yote, kisha ninunue zako zilizobaki kwa bei wanayolipa wakusanyaji wa Dar, si bei yetu ya barazani. Nikakuta rafu imepangwa ndoo za unga.

"Nimemwuzia kijana wa chuma chakavu," akasema. "Kwa kilo."

"Mama Skola!"

"Shemeji, si wewe uliyesema ni takataka? Miaka yote hiyo nakusikia. Mwalimu mzima, mimi nani nikubishie?"

Nikapanda bajaji mpaka kwa huyo kijana, nikamwambia dereva aningoje bila kuzima injini.

Masanja, kijana mwenye mizani ya chuma chakavu, alikuwa amezitia kwenye gunia, juu ya rejeta ya trekta. Mazoea ni kitu kibaya. Nikaanza, "Kijana, takataka hizi unauzaje?"

"Shikamoo, mzee. Takataka unaifuata na bajaji?"

Nikasema nataka kumpunguzia uchafu tu. Akanijibu kwa heshima nisijisumbue, lori linakuja mchana, uchafu wote utaondoka.

Nikakaa juu ya tairi, nikasema ukweli. Kwamba hii ina mlio mtamu kuliko zote. Kwamba hii haina pacha wake bonde zima. Kwamba hii rafiki yangu aliipata Mkula kwa kutoa jogoo, na mkewe akamnunia siku tatu. Kila nikisifu moja, Masanja alipandisha bei. Maisha yangu yote sijawahi kununua kitu kwa kukisifu! Nikalipa alichotaka. Dereva wa bajaji naye akalipwa kwa kungoja, ingawa kucheka alicheka bure.

Nikarudi na gunia. Nikamwonyesha Mama Skola kidole changu gumba na nilivyokiweka.

"Alijua," akasema. "Ile kengele aliipiga njia nzima kutoka Kiberege mpaka hapa mlangoni. Ufa ungetoka wapi? Nikamwambia kaidai. Akasema, 'Mwache, atairudisha mwenyewe.'"

Miaka sita, Liberati. Kila Jumamosi ulinipokea ukinitazama mikononi. Nami nilidhani unaangalia nimeleta nini cha kuuza.

Nililia pale, tena si kwa adabu ya mtu mzima. Nilipotulia nikamtajia bei ya kengele zote, bei ya kweli, bila kukashifu hata moja. Akashika kiuno.

"Kumbe ni mali?"

"Ni mali, Mama Skola."

"Basi siuzi."

"Lakini mimi nimeshazilipia kwa Masanja..."

"Asante sana, shemeji. Ondoa hizo ndoo, uzipange."

Nikaondoa ndoo, nikazipanga. Kisha akanyoosha mkono, nikampa na ile ya tembo.

Pumzika, ndugu yangu, na unisamehe. Ungenidai mara moja tu, ningeirudisha siku ile ile. Lakini hukutaka kunidai, na hilo ndilo linaloniuma. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi ambayo miguu itanibeba nitakwenda kuzifuta vumbi na kuzitia mafuta, bila kuuliza bei. Na Mama Skola akibadili mawazo nikiwa bado hai, atakachotaja ndicho nitakacholipa. Nitaguna kidogo. Hilo naomba uniruhusu.

Mwenzako wa barazani,
Mwalimu