Baba, Mashine Yako Sasa Yafungua Madirisha Manne

Baba,

Assalamu alaikum. Salamu hizi namkabidhi Mola, Yeye ajua njia ya kuzifikisha. Nimekaa kwenye meza yako, kompyuta yanguruma polepole karibu na goti langu, na Mama yuko nyuma yangu achambua mchele. Sisi tu wazima. Nimeona habari hizi nikupe mimi mwenyewe, kwa sababu kazi nimeifanya vizuri na wewe ndiye niliyetaka kukuonyesha.

Nimeifungua mashine yako. Najua hukutaka mtu aiguse. Uliponituma nikakununulie, ulipostaafu kreni kule bandarini, mtaa mzima wa Kibokoni ulicheka: mzee mzima ajifunza gemu! Hawakuijua ile miguu yako. Ngazi za nyumba yetu zilikuwa zishakushinda, na Salim yuko Muscat kikazi. Kwenye gemu ulitembea, ulipanda milima, na mwanao ulikuwa naye. Akaunti zetu zote nilizifungua mimi. Mimi mpiga mishale, Salim mbeba ngao, na wewe tabibu wa kutuponya, ukajiita Babu Kreni. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tulikutana. Tukikimbilia hatari ulikuwa ukituambia kwenye kipaza sauti, "Polepole wanangu, mzigo hauvutwi kwa hasira."

Mnara wa mwisho ulitushinda. Mlango wake hufunguka kwa watu wanne, na sisi tulikuwa watatu. Salim alisema tualike mtu yeyote wa mtandaoni. Ulikataa kabisa. "Tutaingia wa nyumba moja, au tukae nje."

Tulikaa nje, Baba. Mpaka ukatutoka.

Ulifariki asubuhi, ukazikwa baada ya Adhuhuri, kama ilivyo ada yetu. Salim hakuwahi. Alikuwa uwanja wa ndege wa kule, mkoba mkononi, nilipompigia kumwambia tumesharudi kutoka makaburini. Tangu siku hiyo simu zake zikawa fupi: "Hamjambo? Mama hajambo? Haya." Nikimuuliza atakuja lini, mtandao waharibika ghafla.

Mama yuko edani, hatoki nyumbani. Watu walijaa nyumbani, kisha wakapungua, kila mtu ana maisha yake. Mama akabaki akikitazama kiti chako. Hakuwa akilia. Afadhali angelia.

Basi nikaamua kuuingia mnara ule mwenyewe. Akaunti yako, yangu, ya Salim, na ya nne mpya, zote kwa mkono wangu mmoja. Gemu lile halikatazi. Iliyokataa ni mashine. Dirisha la kwanza lilifunguka, la pili likaanza kujikokota, la tatu skrini ikaganda na feni ikapiga yowe mpaka Mama akauliza kama kuna moto. Nikalifungua kasha lake. Ndani vumbi lilikuwa kama godoro, na hewa ya chumvi imeshakula skrubu.

Nilikwenda Makadara kwa Bwana Taher, yule aliyetuuzia. Akaniambia moja kwa moja, "Chukua kadi kubwa ya picha, dada."

"Hapana," nikamwambia. "Kadi iliyomo yatosha, picha nitazipunguza uzuri. Nataka memori mara nne ya hii, prosesa kubwa zaidi inayokubali bodi hii hii, na diski ya kasi."

Alinitazama, akaona sibahatishi. "Na joto je? Prosesa hiyo na hali ya hewa ya Mombasa, utakaanga mayai juu yake."

Hapo alinishika. Joto sikulifikiria. Tukaongeza feni kubwa, tukabadilisha pia pawa saplai, ile ya kugawa umeme. Alipokuwa akifunga mzigo aliuliza madirisha manne ni ya nini, nikamweleza. Akaniambia, "Babako alikuja hapa mara nyingi kujaribu vipaza sauti. Akisema, wanangu lazima wanisikie vizuri."

Nilitandaza vipande vyote juu ya meza ya kulia. Mama akavuta kiti.

"Wajua ulifanyalo?"

"Najua, Mama."

"Na hiyo skrubu iliyobaki?"

Kwa kweli ilikuwa imebaki moja. Nikafungua tena, nikaitia mahali pake. Kisha nikabonyeza swichi, mashine ikaamka kimya kama mtu aliyelala vizuri. Niliigawa skrini mara nne. Dirisha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Hakuna kilichokwama. Baba, nilipiga makofi peke yangu. Nikawapanga wote wanne mbele ya mlango wa mnara, na wewe ukiwa na ile kanzu yako ya kijani.

Simu ikalia. Ilikuwa Salim, sauti imekauka.

"Mwanaidi. Nani ameingia kwa jina la Baba?"

Sikuwa nimefikiri. Gemu limo ndani ya simu yake, na lilimwonyesha jina lako limewaka.

"Ni mimi," nikasema. "Nimetuingiza sote. Nataka kuingia mnarani."

"Nilidhani..." Akashindwa. Kisha alilia, Baba, kilio ambacho alikuwa amekibeba tangu uwanja wa ndege. Alisema hakukuosha, hakukubeba, hakukutilia hata konzi moja ya mchanga, basi atakuja kufanya nini tena.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe simu."

"Salim, mwanangu. Babako asubuhi ile hakuuliza nani atamtilia mchanga. Aliuliza kama wewe ushapata kazi ya mchana, maana ile ya usiku yakukondesha. Wanisikia? Ulikuwa mdomoni mwake." Na hapo ndipo Mama naye alipolia. Nikawaacha walie pamoja, mmoja hapa mmoja kule, nikaenda kutia chai.

Ijumaa iliyofuata Salim aliingia kwa akaunti yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na watatu: mpiga mishale, yule mpya, na wewe. Kuruka dirisha hadi dirisha si kazi ndogo, nikamwomba Mama anitazamie la kwako.

"Ile mistari myekundu ndiyo damu yetu. Ukiona wa mtu wapungua, niambie."

Mlango ukafunguka, majitu yakatutokea. Mama akasimama kabisa.

"Salim! Damu ya Salim! Mponye!"

Nikaponya. "Salim tena!" Nikaponya. Mpiga mishale wangu akaanguka akafa.

"Mama, na mimi ni mwanao!"

Salim alicheka kule Muscat mpaka akakohoa. Ni sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uondoke. Tulipojaribu mara ya pili, Mama alitutazama sote kwa haki, akaita majina kama mwalimu darasani, na Salim akasimama mbele na ngao yake bila kuyumba. Jitu la mwisho likaanguka. Tukaingia, Baba. Wa nyumba moja.

Ndani hamkuwa na kikubwa: chumba cheupe, ngazi, dirisha linaloonyesha nchi yote tuliyoitembea. Tulisimama pale. Salim ndiye aliyesema kwanza, "Mama, nakuja mwezi ujao. Nimeshaomba ruhusa." Mama akamjibu amletee ubani mzuri, si ule wa madukani, kana kwamba alikuwa akingoja kuagiza tu.

Babu Kreni nimemwacha mle ndani, karibu na dirisha. Sitamtembeza tena. Tabibu mwingine atahitajika, na jana Mama aliniuliza, bila kuinua macho kwenye mchele wake, kama yule wa nne ana jina. Nikasema hana. Akasema atafikiri.

Nakuaga hapa, Baba. Nakuahidi mashine sitaiacha iliwe na vumbi, na hawa wawili sitawaacha wanyamaziane. Mola akupanulie kaburi lako na akutie nuru. Sasa lazima niinuke, Mama aniita. Amepata jina.

Binti yako,
Mwanaidi