Bia Nyeusi na Kiu ya Kaka Yako

Mwika, Moshi
7 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Gladys,

Shikamoo wifi. Habari za Sumbawanga? Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Na shemeji Hosea ameacha kubishana na redio, au ndiyo kwanza anaanza? Sisi hatujambo, na safari hii neno hilo naliandika kwa moyo mweupe. Ng'ombe amezaa jike, na kahawa tunaichuma.

Nianze na lililokunyima usingizi: kaka yako hana kisukari. Tulikwenda hospitali mjini Jumatano, wakampima, nikawaomba wampime tena. Hakuna kitu. Najua ulivyoogopa, maana mdogo wenu, marehemu Aristides, naye alianza hivi hivi, kwa kiu, kabla hamjaambiwa kwamba sukari imefika mguuni na mguu utakatwa. Sylvanus alikuwa akimaliza jagi zima la maji kila baada ya chakula, na kila akilinyanyua nilimwona Aristides.

Daktari aliona presha tu imepanda kidogo, akatuambia tupunguze chumvi. Nikamjibu kwa ukali kwamba jikoni kwangu chumvi haijawahi kuzidi. Kaka yako akatazama dari. Sikumjali, furaha ilikuwa imenijaa mpaka nikasahau mwavuli wangu kwenye benchi.

Kabla ya kupanda gari la kurudi tukapitia mtaa wa Pasua kumsalimia Ndelilio, yule mtoto wa marehemu Sirili aliyekuwa akikuibia mapera. Siku hizi ana kiwanda chake kidogo cha bia, nyuma ya nyumba. Akatumiminia bia nyeusi ya namna ya Kijerumani, anayosema huilaza kwenye baridi majuma kadhaa mpaka itulie. Nyeusi ti, wifi, povu lake rangi ya chai ya maziwa. Nikakataa kuigusa mpaka mpishi mwenyewe aonje kwanza mbele ya macho yangu, kama tunavyofanya kwa mbege yetu ya ndizi. Akacheka, akapiga funda kwenye glasi yangu, akanikabidhi.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba yale mafua ya wakati wa masika yaliondoka na pua yangu na ulimi wangu. Mbege niliacha kupika, maana usipojua kama gome la msesewe limetia uchungu wa kutosha, unapika nini? Kwa hiyo ile bia niliinywa kwa heshima tu. Funda la kwanza, maji baridi. La pili, nikaweka glasi chini.

"Ndelilio mwanangu, pole," nikamwambia. "Bia yako imeungua."

Kijana wa watu akaduwaa. "Hapana mama, ile shayiri nimeikaanga makusudi. Ndiyo inayotoa huo weusi."

"Mimi nasikia kuungua!"

Hapo Sylvanus alikuwa ameshasimama. "Mama Fabian," akasema, "unasikia?"

Nilikuwa nasikia, wifi. Nilisikia harufu ya buni zikikaangwa, nikasikia ganda la mkate, halafu uchungu ukaja polepole nyuma ya ulimi, ukakaa. Nililia pale pale mbele ya wateja wa mtoto wa watu. Glasi yangu niliimaliza, na ya kaka yako nikamsaidia.

Tulipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria la machalari, zile ndizi na nyama nilizopika asubuhi. Nikachota kijiko. Nilitema! Chumvi ile hata ng'ombe angeomba maji. Nikabaki nimesimama na kijiko mkononi, nikiiona kiu yote ya kaka yako tangu masika. Miezi yote hiyo alikuwa anamaliza sahani, anasema ahsante mama, anavuta jagi.

Nilimfokea, nisikufiche. "Kwa nini hukusema? Umekubali kutobolewa kidole kwa ajili ya chumvi yangu?"

Unamjua kaka yako, maneno kwake ni ya kuhesabu. Akasema, "Mbege uliiacha huku unalia. Nikuambie na jiko limekushinda, ungebaki na nini?"

Nikamwaga yale machalari, nikapika mengine, safari hii nikionja kila mara kama mwali anayejifunza. Alikula, akarudia, akaegemea kiti. Jagi la maji lilibaki mezani limejaa.

Ningekupigia simu, lakini ungenicheka kabla sijamaliza, naye angekuwa hapa pembeni akisikiliza. Ukitaka kunigombeza kwa nilivyomlisha kaka yako, njoo unigombeze uso kwa uso. Ulezi wa kujaribia nimeshauloweka, na gome la msesewe jirani yangu Winfrida kaniletea leo. Krismasi mbege itakuwepo.

Nisalimie shemeji Hosea, na mwanao Evelyn pamoja na wanawe. Fabian anakuamkia, na Sylvanus anasema nikuambie amepona ugonjwa ambao hakuwa nao. Mungu awafunike huko mliko, awape afya na hamu ya kula.

Njoo, wifi. Mbege nitaionja kwanza mimi, halafu nikupe.

Wifi yako akupendaye,
Mektrida