Kona ya Kisima

Babu,

Shikamoo. Marahaba itikia hukohuko. Ukiitikia hapa, mimi nakimbia.

Mke wetu mzima. Bado anang'ang'ania kwamba kati ya sisi waume zake wawili wewe ndiye uliyekuwa mzuri. Macho ya Bibi yameisha kabisa.

Lami inakuja, Babu. Ileile uliyoisubiri miaka yote ya kibarua cha barabara, ukiziba mashimo kwa jembe na karai. Imetoka Nzega, imeshavuka mto. Wapimaji walipofika kwetu wakashangaa: njia yote imenyooka, mbona ikifika hapa inajikunja kama nyoka aliyepigwa fimbo? Nani wa kuwajibu? Mimi, darasa la saba la kubahatisha, nikawafundisha mainjinia. Niliwapa yote uliyonisimulia: kwamba ni njia ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na hapa walikunja kufuata kisima. Wajerumani wakafuata hapohapo, Waingereza wakafuata, greda la serikali nalo likafuata, asiulize mtu. Wapimaji wakaandika. Mmoja akaniita profesa. Basi kichwa kikavimba, nikaongeza la kwangu: "Kisima chenyewe kilishakauka. Hakuna sababu ya kukunja."

Nilisema mimi, Babu. Kwa mdomo huuhuu.

Waliporudi walikuwa wameinyoosha. Vigingi vimepita katikati ya mihogo, kimoja kimesimama kichwani kwako. Kaburi wamelipiga X nyekundu. Na wewe ulitaka tukuzike ndani ya kona, ili usikie wasafiri wakipunguza mwendo.

Nimewafuata kambini mara tatu. Nikawaambia nilidanganya, kisima kina maji, waje waone. Halafu nikatangulia kisimani na ndoo, nikamwaga humo ndoo sita za maji. Mchanga ukazinywa zote kabla sijafuta jasho. Wakacheka, si kwa ubaya. Yule aliyeniita profesa akasema ramani imeshapitishwa, hata yeye hawezi kuirudisha.

Baba hasemi na mimi. Bibi alisema mara moja tu, huku anachambua mlenda: "Babu yako alijua kisima kimekauka. Aliwahi kumwambia nani?"

Nikachukua fungu la mlenda, nikachambua naye.

Jumamosi wanakuja kukuhamisha. Wameahidi gari. Nimelikataa, na hilo peke yake ndilo walilonikubalia. Nitakubeba mimi, begani, kama wapagazi wako. Sitakata kwa kunyoosha. Nitaifuata kona yote, nifike kisimani, nikutue kidogo upumzike, ndipo nikupeleke kwenye makaburi ya ukoo kule mlimani. Huko gari hutalisikia. Nisamehe.

Na njia nzima sitatia neno. Unanijua nilivyo, Babu, kwa hiyo unajua ni mzigo upi utakaonilemea.

Lala mpaka Jumamosi. Nitabisha taratibu.

Mume mwenzio,
Masanja